Kitanda cha Ukaguzi

Vitambaa vya meza vya kile kikao chao cha uwazi nilivifua mimi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilizaliwa na chuki dhidi ya watu wa Ustawi wa Jamii. Walikuwa wateja wangu. Mashati ya Mkurugenzi wao nilikuwa nayajua kola mpaka vifungo, na koti lake la sherehe lilikuwa na doa la mchuzi chini ya kwapa, sijui anakulaje yule bwana. Kwa hiyo walipoleta vile vitambaa vyeupe na bango lililoandikwa KARIBUNI TUULIZANE, nilivipokea, nikavifua, nikavipiga pasi mpaka vikataka kusimama vyenyewe. Muda wote huo nilikuwa nalia. Dobi akilia hakuna anayejua, watu hudhani ni mvuke.

Nilikuwa namlilia Kipisi. Huyo ni mtoto wa kaka yangu, na jina hilo alipewa na baba yake mwenyewe siku aliyozaliwa. Kalikuwa kadogo, kamejikunja, kaka akacheka akasema hiki si kitoto, hiki ni kipisi cha sigara. Kaka yangu alikuwa na utani wa namna hiyo wakati bado akili zake anazo. Wifi alipofariki, akili zikaenda naye. Alianza na chupa ya kumsaidia kupata usingizi, akaishia kulala popote panapomwangusha. Siku moja akamfungia mtoto ndani, akatokomea kwenye ulevi wake, mpaka majirani waliposikia dirisha linagongwa na sauti ndogo inaomba maji. Wakawapigia simu Ustawi, na Ustawi wakaja, wakavunja kufuli, wakamchukua.

Siku ile walifanya sawa. Hata niwe na hasira kiasi gani, hilo siwezi kuwanyima. Mimi habari ilinifikia baadaye, nikatoka mbio na aproni yangu ya kazi kiunoni hadi ofisini kwao, nikasema nimekuja kumchukua mtoto wetu. Nilidhani ni jambo la kuweka sahihi na kuondoka.

Afisa aliyepewa shauri la Kipisi alikuwa bwana mpole mno. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, kiasi kwamba unaweza kukataliwa naye ukatoka umeshukuru. Akaja kukagua kwangu. Mbele ni duka, nyuma ni chumba changu, katikati ni mapasi na lile pipa la maji ya moto. Akasimama mlangoni, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, hapa mtoto ataungua."

"Mimi miaka yote niko hapa, mbona sijaungua?"

"Wewe ni mtu mzima. Halafu hakuna chumba chake, hakuna kitanda chake. Kanuni zinadai kitanda."

"Tutalala wote. Mimi na baba yake tulilala kitanda kimoja na marehemu mama yetu, na tulikua."

Akanitazama. Nilielewa anachowaza: na huyo kaka yako ndiye yule mlevi. Akanieleza, kwa upole ule ule, kwamba Kipisi amepelekwa kwa mama mlezi mwenye cheti, mwenye nyumba ya geti, ambako kila mtoto ana kitanda chake. Hilo la kitanda alilirudia. Nikarudi kwenye pasi zangu nikijilaumu kwa umaskini, kana kwamba umaskini ni tabia mbaya ambayo ningeiacha kama ningetaka.

Waliniruhusu kumwona mara moja kwa mwezi, ofisini kwao, kwenye chumba kilichochorwa vipepeo ukutani. Mimi upande huu wa meza, yeye upande ule, Afisa katikati kama refa. Kumgusa hairuhusiwi, asije akavurugika. Na huyo Kipisi ninayemjua mimi alikuwa mtoto ambaye humalizi sentensi. Ukisema mvua, anataka kujua inanyesha kwa nani kwanza. Ukipiga pasi shati, anauliza mwenye shati kaoa au hajaoa. Sasa akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kidevu juu.

"Ninakula vizuri," akasema. "Ninalala vizuri. Ninampenda mama."

"Kipisi, ni mimi, shangazi yako."

"Ninakula vizuri. Ninalala vizuri. Ninampenda mama."

Afisa yeye alikuwa anatabasamu.

"Umeona alivyotulia?" akaniambia. "Alipokuja alikuwa anaongea ovyo, analia, anauliza maswali hata hayajibiki. Sasa mtazame. Na adabu juu."

Kutulia! Hilo neno watu wa Ustawi wanalipenda kuliko mishahara yao. Mtoto akilia, hajatulia. Akiuliza kwao ni lini atarudi, hajatulia. Akinyamaza kama meza, hongera, ametulia, na wanaandika hivyo. Hawa watu wamesoma, wengine wana vyeti vya kujaza ukuta mzima, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kumwona Kipisi kabla hajawa chini yao. Wao walipomwona kwa mara ya kwanza alikuwa mtoto aliyetoka kufungiwa ndani. Kwa hiyo ukimya wowote baada ya hapo wakauona ni kupona.

"Kule anakolala mmeshapaona?" nikauliza.

"Tunatembelea kila mwezi, mama. Kitanda kizuri, shuka jeupe, halina hata kunyanzi moja."

Nikawaza, mtoto gani huyo analala kama maiti. Kabla sijasema kitu, Afisa akachukua simu yake pale pale mezani, akapiga. "Mama mlezi, habari za nyumbani? Tunakuja Jumatano. Eeh, asubuhi. Basi tutaonana." Akakata, akanigeukia, bado anatabasamu.

Nikamtolea macho. "Mnawapigia simu kwanza?"

"Ni ustaarabu tu, mama. Hata wewe usingependa kuvamiwa."

Hapo ndipo nilipolivalia njuga jambo hilo. Nikataka nionyeshwe wanachoandika wakitoka kwa mama mlezi. Nikaambiwa ni siri ya mtoto. Nikasema mtoto ni wetu. Nikaambiwa ndiyo maana wanamlinda. Nikaenda kwa mkubwa wake, nikaambiwa nimwone mkubwa mwingine. Huyo mwingine yuko semina, semina ikiisha yuko likizo, likizo ikiisha faili liko kwa yule wa kwanza. Walinipiga danadana mpaka mlinzi wa getini akawa ananionea aibu, ananipa kiti chake nikae. Na kila nilipogusa jina la Kipisi, wote, wakubwa kwa wadogo, walinijibu kwa maneno mawili: siri ya mtoto. Nilikuja kuelewa kwamba siri hiyo haikuwa ya mtoto hata kidogo. Ilikuwa yao, mtoto walimweka tu mlangoni kama pazia.

Wakati huo magazeti yalikuwa yameanza kunung'unika juu ya Ustawi kwa mambo mengine, ndipo wakatangaza kikao cha uwazi, na ndipo vile vitambaa vikaletwa kwangu. Nilivipeleka mwenyewe ukumbini asubuhi ya kikao, nikavitandika, halafu badala ya kuondoka nikakaa safu ya mbele. Mkurugenzi akaingia na koti lake. Doa nilikuwa nimelitoa.

"Leo ni siku ya uwazi," akasema. "Ulizeni chochote, hatuna cha kuficha. Isipokuwa tu, kwa ajili ya kulinda siri za watoto, hatutajibu swali linalohusu mtoto yeyote."

Watu wakatazamana. Ofisi ya watoto, haijibu habari za mtoto. Sasa tuulize nini, rangi ya mapazia?

Nikasimama hivyo hivyo. "Mimi nina mtoto wa kaka yangu..."

"Mama, samahani. Tunamlinda."

Nikakaa. Baba mmoja nyuma yangu akasimama na jina la mjukuu wake mdomoni, akakalishwa. Dada mmoja akasimama analia, akapewa maji, akakalishwa. Kila aliyetaja mtu wa kweli alikalishwa kwa heshima kubwa, na kila aliyekalishwa alishukuriwa kwa mchango wake. Walioruhusiwa kumaliza ni wale waliopongeza. Pembeni kulikuwa na mwandishi wa habari, binti mmoja, anachezea simu yake na kupiga miayo. Nilikaa pale damu inanichemka, natazama vitambaa vyangu nilivyovinyoosha kwa mikono yangu, na nikaona kabisa kwamba mpaka nimpate Mkurugenzi kwenye swali lisilo na mtoto ndani yake, nitatoka kama nilivyoingia.

Nikasimama tena. Mkurugenzi akaanza kunyanyua mkono.

"Swali langu halina mtoto," nikasema. "Mnapokwenda kukagua nyumba za walezi, mnapiga simu kwanza?"

Nilimwona akifurahi. Hatimaye swali rahisi! Akavuta kipaza sauti.

"Swali zuri sana, mama. Ndiyo. Tunapiga simu siku kadhaa kabla, kila nyumba, kila mwezi, bila kukosa. Sisi tunawaheshimu walezi wetu. Hatuvamii nyumba za watu."

"Hakuna hata nyumba moja mliyowahi kufika bila kupiga simu?"

"Hakuna," akasema, kifua mbele. "Hilo naweza kulihakikisha."

Halafu mtu mmoja nyuma kabisa akapaza sauti: "Polisi nao wangekuwa wananipigia simu kwanza, mimi leo ningekuwa shemasi!" Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko kile nikaona yule binti wa habari ameacha miayo, anaandika. Mkurugenzi alicheka pia, maskini, hakujua anachekwa yeye. Nadhani mpaka leo anaamini alijibu vizuri. Mtu akishaishi miaka ndani ya ofisi yenye utaratibu, hauoni tena, anauvaa tu.

Gazeti likaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Baraza la mji likaona aibu, likaunda kamati, na kamati ikaamriwa izungukie nyumba za walezi bila taarifa. Mimi sikuwepo walipofika kwa mama mlezi wa Kipisi. Muuguzi aliyekuwa kwenye kamati ndiye aliyenisimulia, na alinisimulia akiwa ametazama pembeni.

Mama mlezi alifungua geti, akawaona, na neno lake la kwanza likawa, "Mbona hamkupiga simu?"

Ndani walikuta chumba kizuri. Vitanda vimepangwa, mashuka meupe yamenyooka. Juu ya meza kuna bakuli la matunda, na matunda yenyewe ya plastiki. Watoto hawakuwepo chumbani. Waliwakuta ua wa nyuma, kwenye banda la kuwekea mkaa, wamelala sakafuni juu ya magunia. Muuguzi alipouliza kwa nini, mtoto mmoja akamwambia vitanda ni vya ukaguzi. Ukikilalia, kinakunjamana. Kikikunjamana, unachapwa. Tangu waletwe nyumba ile hakuna aliyewahi kulalia kitanda chake, kile kitanda ambacho mimi nilinyimwa mtoto kwa sababu sina.

Na Kipisi kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika, kikajiunga chenyewe, kikapinda. Hakuna aliyejua lini. Kila ziara alisimama mikono nyuma, na kila ziara walimsifia adabu. Nilimuuliza muuguzi kama kinaweza kunyooshwa. Akasema labda, kwa kukivunja upya.



Baadaye walitoa taarifa kwa umma. Niliisoma yote, nimesimama dukani, wateja wananisubiri. Humo Kipisi anaitwa Mtoto wa Tatu. Aliyekuwa akienda kumkagua hatajwi kabisa, ili kulinda faragha yake. Imeandikwa kwamba ziara zote zilifanyika kwa mujibu wa utaratibu, na hilo, Mungu anisamehe, ni kweli tupu. Imeandikwa kwamba Idara ya Ustawi imejifunza, na haitapiga tena simu kabla ya ziara. Mama mlezi alinyang'anywa cheti. Yule Afisa mpole nilikuja kukutana naye kwenye ngazi za ofisi yao, amevaa tai mpya, akanisalimia kwa uchangamfu na kuniambia amehamishwa, sasa ndiye mkuu wa kitengo kipya.

"Kitengo gani?"

"Cha Uwazi, mama," akasema, macho makavu.

Lakini Kipisi nilipewa. Nilipanga chumba cha pili kwa jirani, nikajenga ukuta wa mbao kati ya mapasi na makazi, nikanunua kitanda. Nikawekwa chini ya uangalizi wa mwaka mzima, na kwenye masharti niliyosomewa kulikuwa na moja lililonikaa rohoni: mtoto asipotulia, Idara itamtafutia makao mengine. Nikauliza makao gani. Wakasema yatakayofaa.

Aliingia nyumbani kwangu kama mgeni anayeogopa kukalia kiti. Aliniita mama. Nikamwambia mimi ni shangazi, yeye akaitika, "Ndiyo, mama." Kila mwanamke mwenye funguo alikuwa mama kwake, na niligundua kwamba neno hilo kinywani mwake halina maana nyingine ila usinichape. Nikimpa chakula, anasubiri niondoke ndipo ale. Nikicheka, anatazama mikono yangu. Hakuuliza swali hata moja. Mimi niliyekuwa namwambia zamani, mtoto wewe nipumzishe na maswali yako, sasa nilikuwa napiga pasi shati la mteja mbele yake, nasema kwa sauti, "Sijui mwenye shati hili kaoa?" Ananitazama tu.

Na kitandani hakulala. Nilimlaza, nikamfunika, asubuhi nikamkuta chini, pembeni ya kitanda, na shuka limetandikwa upya, pembe zote zimeingizwa chini ya godoro. Nikamrudisha usiku uliofuata, asubuhi yuko chini. Nikadhani ni mazoea, yataisha. Hayakuisha. Siku moja mchana nikaona nimwonyeshe. Nikamwita, nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikajigaragaza mbele yake kama punda, nikalikamata shuka nikalikunjakunja, nikalitupa chini.

"Umeona? Linafuliwa hili! Mimi ndiyo kazi yangu! Likunje, lichafue, lirarue, nitalifua!"

Alirudi nyuma mpaka ukutani. Mkojo ukamtiririka miguuni. Halafu akapiga magoti, akaliokota lile shuka, akaanza kulinyoosha sakafuni kwa viganja, haraka haraka, huku meno yanagongana. Nikashuka. Nilitaka kumkumbatia, akajikinga uso. Basi nikakaa chini mbali kidogo naye, nikalia kwa sauti, bila mvuke wa kunisitiri. Tangu siku hiyo nikawa nalala sakafuni na mimi, ili asilale huko peke yake. Kitanda tumekiacha kimetandikwa.

Alihitaji msaada ambao mimi sina. Hilo nililijua. Muuguzi alinidokeza kwamba wapo wataalamu wa watoto walioumizwa moyo, lakini kuwapata ni lazima kupitia Ustawi, mtoto akiwa chini ya uangalizi wao. Kwa hiyo nikaamua nitawaambia. Wakija, nitawafungulia mlango na kuwatolea uvivu: mtoto halali kitandani, haniamini, mleteni mtu wa kumtibu. Mimi niliyedai ukweli mbele ya ukumbi mzima, ningewaonyesha unavyosemwa.

Simu ikaita. Ilikuwa Afisa mpya, binti mdogo, sauti changamfu.

"Mama, nakuja Alhamisi asubuhi. Nimeona nikujulishe nisije nikakukosa."

"Si mlisema hampigi simu tena?"

"Ah, mama, ile ilikuwa ya kipindi kile. Mafuta ya gari ni tabu, tukifika tusikute mtu ni hasara. Basi karibu... yaani, nikaribishe!" Akacheka.

Kipisi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona anachangamka, akajua la kufanya. Alifagia hata chini ya pipa. Alipanga mafurushi ya nguo kwa rangi. Alhamisi asubuhi alikuwa ameoga kabla sijaamka, kitanda amekitandika kiasi kwamba mimi mwenyewe, na kazi yangu, nisingeweza kukigusa nikakiboresha. Matandiko tuliyolalia aliyaficha nyuma ya ukuta wa mbao. Halafu akaja akanirekebisha kola.

Afisa mpya alikuwa mtu mzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliinama kumsalimia mtoto. Alimuuliza maswali kwa upole, Kipisi akajibu yote, uso umenyooka, hata akatabasamu pale panapotakiwa tabasamu. Binti wa watu akaridhika. Akaenda kutazama chumba, akarudi amefurahi.

"Mama, nimekuja nisikilize, si kukagua tu," akaniambia, akaweka kalamu chini. "Kama kuna tatizo lolote niambie ukweli. Mwanzoni watoto hawa husumbua."

Nikafungua mdomo. Kipisi alikuwa amekaa ubavuni mwangu, hatikisiki.

"Kwa mfano," Afisa akaendelea, "mwenzake mmoja aliyetoka naye kule, bibi yake alikuwa muwazi sana. Alituambia mtoto anapiga kelele, halali. Tukaona hajatulia. Wiki iliyopita tumemhamisha."

"Mmempeleka wapi?"

Akatabasamu kwa huruma ya kweli. "Hiyo siwezi kukuambia, mama. Unajua, siri ya mtoto."

"Bibi yake anajua?"

"Akishatulia, atapangiwa siku ya kumwona."

Nikafunga mdomo. Nikawaza chumba cha vipepeo. Nikawaza nyumba nyingine ya geti, na mama mwingine mwenye cheti, na simu inayoita kila mwezi kuwapa watu nafasi ya kutandika. Afisa akachukua kalamu yake.

"Kwa hiyo huyu wetu usiku anaendeleaje? Analala wapi?"

"Kitandani," nikasema.

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Hata hajigeuzi. Ametulia kabisa."

Akaandika. Akanishukuru kwa ushirikiano, akasema laiti familia zote zingekuwa hivi, akaondoka na gari lake. Nilibaki nimekaa pale pale. Kipisi alikwenda dirishani akasikiliza mpaka mngurumo ulipopotea, halafu akarudi, akakaa karibu nami kuliko alivyowahi kukaa tangu aletwe, akauingiza mkono wake ndani ya wangu.

"Shangazi," akasema. "Mara ya kwanza inaogopesha. Baadaye unazoea."